Bibi Salme na sura tunayoiruka

Katika familia zetu hapa London, Bibi Salme binti Said anatajwa zaidi kwa mapenzi yake na mfanyabiashara wa Hamburg na kwa kuondoka kwake Unguja mwaka 1866. Kumbukumbu zake, alizozichapisha Berlin mwaka 1886 kwa jina la Emily Ruete, tunazisoma kwa hamu ya Mtoni: jumba la baba yake, farasi, nguo za sikukuu. Ni kurasa tamu. Lakini mtu aliyejifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia, hakuandika ili kutuliwaza tu. Alikuwa na hoja.

Juu ya wanawake hoja yake ina uzito. Alikulia katika nyumba ya masuria na akaishi Ujerumani kama mke, kisha mjane. Hivyo alipowaambia Wazungu kwamba ndoa zao nazo zina huzuni zake, aliwaambia alichokiona kwa macho yake.

Juu ya utumwa, hapana. Aliandika kwamba taabu ya mtumwa ni ile safari. Akishafika hutunzwa vizuri, na kwamba Waingereza walikosea kuharakisha kuuzima. Naona humo chuki yake na London. Sir Bartle Frere, aliyetumwa Unguja mwaka 1873 kumshinikiza Seyyid Barghash aache biashara ya watumwa, ndiye aliyemzuia Bibi Salme mwaka 1875 asionane na kaka yake huyo hapa mjini, kwa ahadi kwamba watoto wake wangesaidiwa masomo. Ahadi haikutimizwa. Kinyongo chake kina haki. Hoja aliyoijenga juu yake haina.

Tena jibu limo kitabuni mwake mwenyewe. Mama yake, Jilfidan, alikuwa mtoto wa mkulima wa Kicherkesi. Vita vikaja, wazazi wakauawa, watoto watatu wakanyakuliwa. Jilfidan alimsikia mdogo wake akimlilia mama, kisha wakatenganishwa. Aliletwa kwa Seyyid Said akiwa na umri wa miaka saba au minane, na huko alitunzwa vizuri, kama sura ile isemavyo. Habari za kaka yake na mdogo wake hakuzipata tena.