Ruzuku ya Hifadhi ya Udongo: Nani Hulipwa Shamba Likipumzika?

Katika semina zetu huzuka mara kwa mara hoja kwamba hata Marekani, ngome ya ubepari, huwalipa wakulima wake ili watunze udongo. Kwa hiyo, husemwa, dola ya kibepari inaweza kusimama juu ya matabaka na kutetea maslahi ya wote. Hoja hii haifai kubezwa. Tuichambue kwa kuanzia mahali pamoja: wilaya ya Poinsett, jimbo la Arkansas, katika nchi ya pamba.

Mwaka 1933 Serikali ya Roosevelt ilianza kuwalipa wenye mashamba wapunguze pamba ili bei ipande. Hundi zilikwenda kwa mwenye ardhi. Wakulima wa kugawana mavuno, weusi na weupe, ambao ndio walioitolea jasho pamba hiyo, waliachiwa makombo. Na wengi walifukuzwa, maana shamba lililopunguzwa halihitaji mikono mingi. Ndipo Julai 1934, katika mji mdogo wa Tyronza, wanyonge wa rangi zote mbili walipounda chama chao, Southern Tenant Farmers' Union. Ndani ya Serikali yenyewe walikuwapo wanasheria waliotaka mkataba wa pamba ufasiriwe kwa namna ya kuwalinda wapangaji. Februari 1935 waliachishwa kazi. Ndugu wanaodhani kwamba kinachokosekana ni maofisa wenye moyo safi tu, wapatazame sana hapo.

Januari 1936 Mahakama ya Juu ilibatilisha msingi wa malipo yale. Bunge halikukawia: mwezi uliofuata lilipitisha sheria nyingine, na fedha sasa zikaitwa malipo ya kuhifadhi udongo. Tusiwe wapotoshaji: mmomonyoko ulikuwa wa kweli, na dhoruba za vumbi zilikuwa zimeangamiza mashamba mengi ya nyanda za kati. Sheria hiyo ilitaja hata haki ya wapangaji kupata sehemu ya malipo. Lakini mahusiano ya umilikaji hayakuguswa. Jina la fedha lilibadilika; mwenye hati ya ardhi alibaki yule yule.

Mpango mkubwa unaoendelea hadi leo nchini kote ulianzishwa na sheria ya 1985. Mwenye shamba huacha kulima ardhi inayomomonyoka, hupanda nyasi au miti, naye hulipwa kila mwaka kwa miaka 10 hadi 15. Nyasi hizo huokoa udongo kweli, na hatuna ugomvi nazo. Ila malipo yenyewe ni kodi ya ardhi, na kiwango chake hukadiriwa kwa kodi za mashamba ya mahali hapo. Maana yake, dola imejifanya mpangaji asiyelima. Tena uhifadhi huu ni mateka wa soko: mwaka 2007 eneo lilifikia karibu ekari milioni 37, lakini bei ya mahindi ilipopanda, mamilioni ya ekari yalirudishwa chini ya trekta mikataba ilipokwisha.

Watunga sheria walijua madhara yake vijijini. Waliweka kikomo kwamba, kwa kawaida, mpango usizidi robo ya ardhi ya kilimo ya wilaya moja, kwani shamba likifungwa, muuza mbegu na muuza mafuta hukosa wateja. Muuza mbegu, basi, amekumbukwa kwa kikomo hicho. Kibarua aliyekuwa akipalilia shamba lile hana fungu katika mkataba.