Majina ya Wakazi na Mizani ya Mtaalamu: Uhakiki wa Utafiti wa Langa

Miongoni mwa tafiti zilizofanywa kuhusu maisha ya kila siku katika vitongoji vya Waafrika nchini Afrika Kusini, kitabu cha Monica Wilson na Archie Mafeje, Langa: A Study of Social Groups in an African Township, kilichotolewa mwaka 1963, kina nafasi ya pekee. Kwa kawaida kitabu hiki husomwa na wanasosholojia. Uhakiki huu unakitazama kwa jicho la lugha, kwa kuwa ubora wake na upungufu wake vyote viwili vimetokana na maneno. Kitabu kina nguvu pale kinapoyasikiliza majina ambayo wakazi wa Langa waliitana wao kwa wao. Kinalegea pale majina hayo yanapotiwa katika mizani ambayo wakazi hawakuiunda.

Langa ni kitongoji cha mji wa Cape Town kilichofunguliwa mwaka 1927. Wakati wa utafiti, wakazi wake wengi walikuwa wanaume walioishi kikapera katika mabweni na vyumba vya wafanyakazi, huku wake na watoto wao wakiwa mashambani, hasa katika nchi ya Wasemao Kixhosa upande wa mashariki. Watafiti wenyewe walikuwa watu wa namna mbili tofauti. Wilson alizaliwa mwaka 1908 katika familia ya wamisionari, akakulia miongoni mwa wasemaji wa Kixhosa. Kabla ya Langa alikuwa amewachunguza Wapondo na baadaye, pamoja na mumewe Godfrey, Wanyakyusa wa kusini magharibi mwa Tanganyika. Mafeje alikuwa mwanafunzi wake, kijana aliyezaliwa Transkei mwaka 1936, na Kixhosa kilikuwa lugha ya mama kwake. Sehemu kubwa ya kazi ya nyanjani, iliyofanyika kati ya 1960 na 1962, ilikuwa mikononi mwa Mafeje.

Jambo hili la mgawanyo wa kazi si dogo. Mtafiti anayehitaji mkalimani hupata majibu ya maswali yake. Yule anayeketi barazani na kusikia utani, matusi na salamu katika lugha yake mwenyewe hupata pia maswali ambayo hakuwa na akili ya kuyauliza. Ndiyo maana kurasa zilizo bora katika kitabu cha Langa ni zile zinazoeleza aina za watu kwa majina yao ya mtaani. Wapo amagoduka, jina litokanalo na kitenzi goduka, yaani kurudi nyumbani: hawa ni wale ambao mji kwao ni mahali pa kupitia. Wapo iibari, waliokwisha kuzoea mji kiasi lakini hawajahesabiwa kuwa watu wa mjini. Wapo tsotsi, vijana wa mjini wanaoogopwa. Wapo pia ooscuse-me, yaani wenye elimu na adabu za kizungu, waliopewa jina kutokana na neno la Kiingereza la kuombea radhi.

Msomaji wa isimu ya Kibantu atalifurahia jina hili la mwisho. Kiambishi oo- katika Kixhosa hutumika kwa wingi wa majina ya watu na ya jamaa, na kwa maana kinakaribiana na neno la Kiswahili akina. Wakazi wa Langa hawakuchukua neno la kigeni na kuliacha lilivyo. Walilitia katika ngeli ya watu, wakalifanya jina la ukoo wa kubuni: akina Samahani. Katika neno moja zimo dhihaka, husuda kidogo, na hukumu juu ya tabaka zima. Hakuna jedwali la mapato ambalo lingeweza kusema hayo kwa ufupi namna hiyo.

Jina lenye uzito zaidi katika kitabu, hata hivyo, ni abakhaya. Shina lake ni khaya, nyumbani, ambalo ni ndugu wa neno kaya la Kiswahili na la lugha za Wamijikenda. Abakhaya ni watu wa kwetu, waliotoka sehemu moja ya mashambani. Katika mabweni ya Langa hao ndio waliolala chumba kimoja, wakapika chungu kimoja, wakamtafutia mgeni kazi, wakamuuguza mgonjwa na kuwasuluhisha waliogombana. Kitabu kinaonyesha wazi kwamba mtu aliyefika mjini hakuingia katika utupu, bali alipokewa. Katika miaka ambayo wengi walizoea kuandika kwamba Mwafrika akifika mjini huvunjika na kupotea, ushahidi huu ulikuwa na thamani kubwa, na unayo hata leo.

Upungufu unaanzia pale majina hayo yanapopangwa. Wahamiaji wanawekwa upande mmoja, watu wa mjini upande wa pili, na iibari katikati, kama ngazi ambayo kila mtu yuko juu ya kidato chake, akipanda kutoka ushamba kwenda umjini. Swali linalotawala mpango huo ni hili: mtu huyu amekuwa wa mjini kwa kiasi gani? Swali lilelile linatawala utafiti wa Philip Mayer uliofanyika East London na kutolewa mwaka 1961, Townsmen or Tribesmen, ambao kichwa chake chenyewe kinamlazimisha mtu achague kati ya mambo mawili. Lakini jina la mtaani si kidato cha ngazi. Ni tendo la kusema. Halielezi tu anayeitwa. Linaeleza pia anayeita, na mahali anaposimama. Mwanamume aliyeitwa amagoduka na kijana wa mjini huenda kijana huyo naye alimwita tsotsi, na kila mmoja alikuwa na sababu zake. Katika utafiti wa Mayer jambo hilihili linajitokeza: neno amaqaba, wapakaji wa udongo mwekundu, lilikuwa kejeli kinywani mwa waliosoma, hali wapakaji wenyewe walijivunia wekundu wao. Mtaalamu anapochukua kejeli ya upande mmoja na kuifanya jina la kundi, amekwisha kuamua kesi kabla ya kuwasikiliza wote.

Kuna kosa kubwa zaidi ya hilo. Katika Afrika Kusini ya wakati ule, swali la nani ni mtu wa mjini halikuwa la wataalamu peke yao. Lilikuwa swali la polisi. Sheria iliyorekebishwa mwaka 1952 ilikataza Mwafrika kukaa mjini zaidi ya saa 72, isipokuwa awe amezaliwa hapo na kuishi hapo daima, au amemtumikia mwajiri mmoja kwa miaka 10 mfululizo, au ameishi hapo kihalali kwa miaka 15, au awe mke au mtoto wa mtu wa namna hiyo. Katika upande wa Cape Town mambo yalikuwa mazito zaidi, kwa sababu tangu katikati ya miaka ya 1950 siasa ya serikali ilikuwa kuwapunguza Waafrika katika jimbo hilo hatua kwa hatua. Kila mtu alibeba pasi yake. Msomaji wa Kenya, ambaye wazee wake walivaa kipande shingoni, hahitaji maelezo marefu.

Kwa hiyo yule aliyeitwa amagoduka hakuwa anarudi nyumbani kwa hiari ya moyo wake tu. Huenda alitamani sana kurudi. Huenda pia mkewe alikatazwa kumfuata. Mazoea, mapenzi na amri ya serikali vilikuwa vimesukwa pamoja katika maisha yake. Kitabu cha Langa hakizifichi sheria hizi, lakini kimeziweka pembeni, kama vile mtu anavyoeleza hali ya hewa kabla ya kusimulia safari. Zilistahili kuwekwa ndani ya kila sura, kwa maana zilikuwa ndani ya kila chumba.

Kwamba jambo hilo liliwezekana, utafiti wa zamani zaidi unathibitisha. Ellen Hellmann aliichunguza Rooiyard, ua uliojaa vyumba vya wapangaji maskini mjini Johannesburg, mwanzoni mwa miaka ya 1930, na kazi yake ikatolewa mwaka 1948. Katika maelezo yake pombe ndiyo inayobeba hoja. Mishahara ya waume haikutosha kulisha nyumba, kwa hiyo wake walipika pombe na kuiuza. Sheria iliharamisha pombe hiyo, kwa hiyo iliwabidi kuifukia ardhini uani, nao polisi walikuja kuisaka. Hapo sheria haikai pembeni. Imo katika bajeti ya mama wa nyumbani, na imo katika udongo wa ua wake. Hellmann naye alikuwa na mipaka ya wakati wake, lakini aliona kwamba kueleza siku moja ya mwanamke yule bila kumtaja askari ni kuacha nusu ya siku hiyo.

Ukimya wa Langa juu ya siasa unashangaza zaidi mtu akizikumbuka tarehe. Tarehe 21 Machi 1960, siku ileile ya mauaji ya Sharpeville, polisi walifyatua risasi Langa na watu wakafa. Tarehe 30 Machi umati unaokadiriwa kufika watu 30,000 uliandamana kutoka Langa na Nyanga hadi katikati ya mji, kijana Philip Kgosana akiwa mbele. Umati huo ulidai kukomeshwa kwa pasi. Miezi michache tu baadaye utafiti ukaendelea katika kitongoji hichohicho. Wale waliopangwa na kitabu katika vidato mbalimbali vya umjini walikuwa wametembea bega kwa bega barabarani. Makundi ya makanisa, ya vilabu vya raga na ya abakhaya yameelezwa kwa makini. Lile kundi moja lililoyavuka yote limepewa nafasi ndogo mno.

Haki inataka isemwe kwamba mwaka 1963 kitabu cha kweli kamili juu ya Langa kisingeweza kuchapishwa Cape Town bila kuwahatarisha waliohojiwa. Pengine ukimya huo ulikuwa pia namna ya ulinzi. Tena, mkosoaji mkali kupita wote wa elimu ya aina hii akatokea ndani ya kitabu chenyewe. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Cape Town kilimpa Mafeje kazi ya uhadhiri, kisha kikaifuta kwa shinikizo la serikali, na wanafunzi wakaketi ndani ya jengo la utawala kupinga. Chuo kiliomba radhi mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Mafeje alikwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1971 akatoa makala yake juu ya itikadi ya ukabila. Humo alieleza kwamba lugha za wenyeji wa Afrika Kusini hazina neno linalolingana na lile la Kiingereza litafsiriwalo kwa Kiswahili kuwa kabila. Zina neno la taifa, la ukoo na la mlango. Na zamani mtu aliulizwa ametoka nchi ya mtawala gani. Yule aliyeyakusanya majina ya Langa alikuwa amegundua kwamba jina lililokosekana nalo ni ushahidi.

Somo hili linawahusu moja kwa moja wanaofundisha na kutafsiri kwa Kiswahili. Anayetafsiri utafiti wa Langa atashawishika kuandika kabila kila mara Kiingereza kinapomwita, na mhamiaji kila mara penye amagoduka. Akifanya hivyo atakuwa ameirudisha ile mizani iliyolemaza kitabu, tena kwa mkono wa Mwafrika. Lakini akiandika watu wa kwetu penye abakhaya, warudio kwao penye amagoduka, na akina Samahani penye ooscuse-me, atakuwa ameyarudisha maneno kinywani mwa waliokuwa wakiyasema. Sheria za pasi zilifutwa mwaka 1986. Maneno yaliyozoea kufanya kazi pamoja nazo hayakufutwa na bunge lolote. Yanangoja wasomi wa lugha.