Kati ya Kisu na Maji ya Chumvi

Kuku akijeruhiwa vibaya pale Ikwiriri, neno la kwanza kusikika uani ni kisu. Wala si ukatili. Nyumba zetu nyingi Rufiji ni za Waislamu, na kuku akikata roho kabla hajachinjwa ni kibudu, haingii chunguni. Kwa hiyo mwewe akimrarua mwenye vifaranga, au nguchiro akimvamia anayeatamia, au bodaboda ikimpitia mguu kando ya barabara kuu ya kwenda Lindi, mtoto hutumwa mbio jikoni. Muda wenyewe ni dakika chache tu. Ndani ya dakika hizo bibi yangu mzaa mama alikuwa na neno lake: "Mlete kwanza nimshike."

Nilikuja kuelewa ukubwani kwamba sehemu kubwa ya ufundi wake ilikuwa humo, katika kushika. Wengi humbana kuku aliyeumia ili asipapatike, na wengine humuua kwa kubana huko. Kuku hana kiwambo kama chetu cha kutenga kifua na tumbo. Mapafu yake hayatanuki na kusinyaa. Hewa husukumwa na kidari kinavyopanda na kushuka. Ukikikaza kidari umemziba pumzi, hata kama pua zake ziko wazi. Bibi hakusomeshwa habari za mapafu ya ndege, ila mkono wake ulizijua. Alimpakata kuku, mabawa yamekunjwa ndani ya khanga kuukuu, kiganja kimoja kimelala mgongoni, kifua kimeachwa huru. Kisha akamfunika macho kwa pindo la khanga ileile. Kuku akiona giza hutulia.

Siku moja, nikiwa likizo ya darasa la tano, mwewe alimshukia tetea wetu mweusi. Alipomwachia, ngozi ya mgongo ilikuwa imechanika kutoka chini ya shingo hadi karibu na mkia, nyama nyekundu iko wazi. Mjomba alikwisha kukinoa kisu. "Mama, huyu amekwisha," alisema. Bibi hakumjibu. Alimtazama kuku jicho, akauangalia upanga wa kichwani kama bado una wekundu, akapapasa tumbo, mwisho akamweka chini aone kama atasimama. Tetea akasimama.

"Mume wangu," akaniita, kama mabibi wa pwani wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, "kachemshe maji, utie chumvi."

Mambo hayakwenda hivyo kila mara. Tumbo likitoboka utumbo ukaonekana, au upanga ukapauka na ndege hawezi kunyanyua kichwa, yeye mwenyewe ndiye aliyesema achinjwe, na alitaka achinjwe saa ileile. Sikumwona hata siku moja akimng'ang'ania asiyepona. Kwa hilo namheshimu kuliko hata kwa wale aliowaponya. Na ilibidi uamuzi utangulie dawa. Leo watu hufungua kapsuli ya binadamu wakamwaga unga wake kidondani au kwenye maji ya kunywa, na kesho kuku akizidiwa wanamchinja na kumpika. Aliyepewa viuavijasumu haliwi, wala mayai yake, mpaka zipite siku zilizoandikwa kwenye dawa ya mifugo. Kapsuli ya binadamu haina maandishi hayo, hivyo anayeitumia anakisia, na anakisia kwa chakula cha watoto wake.

Maji yenyewe yalikuwa hivi: kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa nusu lita ya maji yaliyochemka, yaachwe yapoe hadi vuguvugu. Uchumvi huo unakaribia ule wa damu, ndiyo maana hauunguzi nyama hai. Bibi alikata kwa mkasi manyoya yaliyoangukia kidondani, hakuyang'oa, maana kung'oa ni kuongeza jeraha juu ya jeraha. Mimi nikamimina. Nilidhani kikombe kimoja kingetosha. Tulimimina sufuria nzima, tukachemsha nyingine, mpaka maji yanayochuruzika yakawa meupe kama yalivyoingia. Ukiniuliza tiba ya kidonda cha kuku iko wapi, nitakuonyesha pale, kwenye kumimina bila kuchoka. Mahali pamoja tu alinizuia baadaye: kwa jogoo aliyevunjika bawa karibu na bega, mfupa umechomoza. Mfupa ule una uwazi ndani, umeungana na mifuko ya hewa ya mwilini, na maji yakimiminwa humo ni kama kumzamisha ndege akiwa nchi kavu. Yule alipanguswa tu kwa kitambaa chenye unyevu.

Jirani alikuja na mafuta ya taa, mwingine akashauri oili chafu ya gari. Kweli, inzi hukimbia. Lakini nyama nayo huungua, na kinachoungua hakifungi. Bibi alipokea ushauri kwa adabu, akapaka asali, utando mwembamba. Wamisri wa kale waliandika matumizi ya asali kwa vidonda katika mafunjo yao ya tiba, na hospitali za leo zina bandeji za asali iliyosafishwa. Asali ina maji machache na ina uchachu. Vijidudu haviwezi kustawi humo.

Nilimwuliza kwa nini hamshoni. Vidole vyake vilisuka mikeka ya ukindu tangu usichana wake, sindano isingemshinda. Akasema ngozi ikishonwa juu ya uchafu, uchafu unabaki ndani ukitafuta njia. Ngozi ya kuku ni nyembamba na hujivuta yenyewe. Iache.

Kilichofuata hakikuwa na cha kutazama, na ndicho kinachowashinda wengi. Kuku wenzake huvutwa na wekundu wa damu. Wangemdonoa mpaka mfupa. Kwa hiyo tetea aliwekwa peke yake chini ya tenga, upande wa jikoni penye joto, juu ya kitambaa kilichofuliwa kila siku. Pumba za mpunga zimejaa bure kwenye mashine za kukoboa, lakini bibi hakuzitandika kwa mgonjwa, kwa kuwa vumbi lake hushika kidondani. Joto la bonde letu huleta inzi, na mayai ya inzi huweza kuwa funza ndani ya siku moja. Alikagua alfajiri, akakagua tena kabla ya magharibi. Siku ya tano alinionyesha usaha pembeni mwa jeraha. Nilitarajia kitu cha kutiririka. Usaha wa kuku hautiririki, ni mgumu kama kipande cha ugali wa jana. Kwa hiyo kusubiri uive na kuukamua, kama afanyiwavyo mtu, ni kupoteza muda. Aliulainisha kwa maji yaleyale ya chumvi, ukatoka kidogo kidogo.

Kwa kuku wengine, mfupa wa mguu uliovunjika aliufunga kwa chelewa mbili na utepe wa khanga, na kwa kawaida ndani ya wiki tatu hivi kuku alikuwa akichakura. Vipele vya upangani na pembeni mwa macho wakati wa mvua hakuvigusa kabisa. Hiyo ni ndui, huenezwa na mbu, na kuvikwangua ni kuwapelekea wengine ugonjwa.

Najua kideri huua kuku wengi kwa wiki moja kuliko mwewe kwa mwaka. Tone moja la chanjo yake ya I-2 jichoni mwa kila kuku, kila baada ya miezi mitatu, linaokoa banda zima, na asiyechanja asijisifu kwa kufunga vidonda. Nasema hivyo nikiwa naupenda ufundi wa bibi kwa moyo wote. Chanjo hulinda kundi. Mikono ile ilimtazama kuku mmoja, wiki tatu, kwa ajili yake yeye.

Tetea mweusi alirudi kwa wenzake akaanza kutaga tena. Manyoya ya mgongoni yaliota meupe, mstari mmoja kutoka shingoni hadi mkiani, na kwa mstari huo watoto wa mtaa walimtambua mpaka uzee wake.