Salamu Katikati ya Gita

Matatu za Nunguni zikishaacha barabara ya Mombasa na kuanza kupanda milima ya Kilungu, dereva huongeza sauti. Ni benga ya Kikamba mpaka juu. Marafiki zangu wa Nairobi huicheka: gita lilelile, wimbo hauishi, halafu jamaa anaacha kuimba aanze kusalimia watu. Mimi naona hizo salamu ndizo moyo wa wimbo.

Benga ilianzia kwa Wajaluo, gita likifuata mapigo ya nyatiti. Wakamba waliichukua na umbo lake: kwanza kisa, taratibu, kisha gita linakimbia na watu wanainuka kucheza. Hapo ndipo mwimbaji hutaja majina: rafiki, fundi, mwenye duka, kijiji. Kwa jamii ambayo kwa miaka mingi imepeleka watoto wake Nairobi na Mombasa kutafuta kazi, huko ni kuhesabu watu wa nyumbani. Hata redio maarufu ya Kikamba inaitwa Musyi, yaani nyumbani.

Msikilize Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers. Kabla ya kufariki mwaka 1987 alikuwa ameimba kwa Kikamba na Kiswahili, akapendwa na watu wasiojua neno la Kikamba. Magita yake hayasukumani. Kila moja linangoja zamu yake, kama wazee kwenye baraza. Kikamba changu ni cha kuomba chai na kusalimia nyanya, lakini gita lile nalielewa.

Nyimbo nyingi mpya ninazosikia zinanichosha, na si kwa sababu ya kinanda. Shida ni majina. Anatajwa mheshimiwa, anatajwa tajiri, anatajwa mheshimiwa tena. Salamu ikishalipiwa inakuwa tangazo, na fundi wa baiskeli hana bajeti ya matangazo.

Bado sijakata tamaa. Safari iliyopita, wimbo ulitaja soko fulani dogo, na mama aliyeketi kando yangu na gunia lake akacheka peke yake. "Hapo ndipo niliolewa," akaniambia. Hakuna aliyekuwa amemlipa mwimbaji ili mama huyo akumbukwe. Wanamuziki wetu wakiacha kutaja mahali kama hapo, matatu itafika Nunguni na sisi bado tuko njiani.