Nafsi ya Kwanza katika Siku Njema: Nani Anachekwa?

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa, mnajua desturi yetu: likizo ya Desemba wanafunzi husoma riwaya moja nyumbani, na muhula wa kwanza ukafunguliwa kwa mjadala. Mwaka mmoja kidato cha tatu changu kilisoma Siku Njema (1996) ya Ken Walibora. Tulipofika kwenye suala la Kongowea Mswahili kuzaliwa nje ya ndoa, baadhi walicheka. Msichana mmoja aliyelelewa na mama peke yake aliinamisha kichwa hadi kengele ikalia.

Kicheko kile kilinionyesha kwamba tulikuwa tumeorodhesha maudhui tukasahau usimulizi. Walibora ametumia nafsi ya kwanza. Anayetusimulia habari za mamake, Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu wa Tanga, na za safari yake ya kuja Kenya kumtafuta baba, ndiye huyo huyo anayedharauliwa. Mwandishi hakumwachia msomaji nafasi ya kukaa na wanaocheka.

Kipindi kilichofuata niliwauliza swali moja tu: sauti hii ni ya nani? Darasa lilinyamaza, kisha likajadiliana kwa heshima.

Basi mtahiniwa, ukiulizwa umuhimu wa nafsi ya kwanza, usiishie kuandika kwamba 'huleta uhalisia'. Onyesha, kwa mifano kutoka riwayani, inamweka msomaji upande wa nani. Nasi walimu tukumbuke kwamba darasani huenda kuna Kongowea anayetusikiliza.