Nani Alimharibu Rosa? Kusoma "Rosa Mistika" Kutoka Magara

Kila mwaka darasani, mjadala kuhusu Rosa Mistika ukianza, kuna sentensi moja ambayo haikosi kusemwa: Rosa aliharibika kwa sababu chuoni alipata uhuru ambao hakuuzoea nyumbani. Sentensi hiyo imo katika miongozo, imo katika majibu ya mitihani, na humpatia mwanafunzi alama bila jasho. Makala hii inaipinga. Hoja yangu ya kwanza ni kwamba riwaya yenyewe, ikisomwa kwa makini, inatuonyesha msichana ambaye hakuwa huru mahali popote, nyumbani wala chuoni. Hoja ya pili ni kwamba Kezilahabi ameacha pengo ambalo ndilo linaloilisha sentensi hiyo ya miongozo: maisha ya kawaida ya mwanachuo, yenye chungu, marafiki na muziki, karibu hayaonekani.

Kwanza niseme kwa nini jambo hili linatuhusu sisi wa Magara. Mji wetu mdogo uko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, kwenye barabara itokayo Bujumbura kwenda Rumonge. Kiswahili cha mwambao huu kilikuja kwa njia nyingi: wafanyabiashara wa Ujiji wa karne ya 19, uvuvi, Uislamu, na pia wakimbizi wa mwaka 1972 walioishi miaka mingi Ulyankulu, Katumba na Mishamo kabla ya baadhi yao kurudi na watoto waliosomeshwa kwa Kiswahili. Kwa hiyo riwaya ya mwandishi aliyezaliwa Namagondo, kisiwani Ukerewe, si ngeni kwetu. Ziwa lake ni Viktoria na letu ni Tanganyika, lakini tunaifahamu nyumba ya baba asiyehojiwa, tunamfahamu mama anayebeba kila kitu, na tunajua jinsi habari za binti wa mtu zinavyotangulia kufika kabla yake mwenyewe hajashuka garini.

Zaidi ya hayo, sentensi ya miongozo haibaki darasani. Mzazi mwenye watoto wawili waliomaliza sekondari, na fedha za kumpeleka mmoja Bujumbura, huisema kwa maneno yake: "Msichana akiachiwa mjini ataharibika." Hajasoma Kezilahabi, wala hahitaji. Sisi tuliosoma ndio tunaompa uthibitisho, tunapoandika kwamba hata fasihi inasema hivyo. Basi ni wajibu wetu kuuliza kama kweli inasema hivyo.

Tuanze nyumbani. Zakaria ni baba mlevi, na ukali wake kwa Rosa ni wa kupindukia. Barua moja tu kutoka kwa Charles inatosha kumfanya ampige binti yake kipigo kisichosahaulika. Wahakiki wengi huishia hapo na kusema: malezi mabaya. Ni kweli, lakini tazama kejeli ambayo mwandishi ameitega. Charles huyohuyo, ambaye barua yake iliadhibiwa kama uchafu, ndiye baadaye Rosa anayetumaini kuolewa naye. Zakaria hakumkinga binti yake na hatari. Alimkinga na mazungumzo. Alimfundisha kwamba kati ya msichana na mvulana hakuna neno la kawaida linaloweza kuandikwa, kwamba kila barua ni kosa. Msichana aliyefundishwa hivyo hana namna ya kumtofautisha anayemtaka kwa wema na anayemwinda, maana kwake wote ni kosa lilelile.

Rosa anapokwenda shule ya wasichana ya Rosary, Mwanza, anaogopa wanaume. Woga huo si tabia njema, ingawa mara nyingi tunauita hivyo. Ni kovu la kipigo. Ndiyo maana hausimami mbele ya Deogratias, mwanamume mzima, mwenye kazi na hadhi, anayejua anachokifanya. Halafu Rosa anafika chuo cha ualimu Morogoro, na hapo sentensi ya miongozo hupata nguvu: wapenzi, mimba zilizotolewa, sifa mbaya. Lakini nani yuko upande wa pili wa mambo hayo? Yupo mkuu wa chuo mwenyewe, Thomas. Mtu aliyekabidhiwa ofisi, funguo na mamlaka ya kumpitisha au kumfukuza mwanafunzi ndiye anayeingia naye katika uhusiano. Je, huo ndio uhuru wa chuo? Mwanafunzi anayeitwa na mkuu wake hayuko huru zaidi ya binti anayeitwa na baba mwenye fimbo. Amebadilishiwa mamlaka tu.

Kwa hiyo ukiwapanga kwa mstari mmoja wanaume wanaoamua maisha ya Rosa, utaona baba, mtumishi mwenye hadhi, mkuu wa chuo, na mchumba. Kila mmoja ana kitu ambacho Rosa hana: nyumba, mshahara, cheo, au haki ya kusamehe. Charles anapoyajua mambo ya nyuma ya Rosa anamwacha, na Rosa anajiua. Riwaya haimuulizi Charles ameishije katika miaka hiyo. Jamii ya Namagondo pia haimuulizi. Binti peke yake ndiye mwenye yaliyopita, na mwanamume ana ya mbele tu.

Sura ya mwisho inaongeza jambo ambalo halijadiliwi vya kutosha. Mwandishi anawafikisha baba na binti mbele ya hukumu ya Mungu, na wanashtakiana. Ni sura ya ujasiri, hasa ukikumbuka kwamba mwandishi alikuwa kijana aliyemaliza Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1970, na kwamba kitabu chake kilipigwa marufuku mashuleni kwa muda kabla ya kurudi na kuwa kitabu cha kiada. Lakini tazama nani wamefikishwa mahakamani. Ni waliokufa. Thomas na Deogratias hawamo. Mahakama inayowashughulikia baba maskini na binti yake, huku wenye vyeo wakiendelea na kazi zao, inafanana mno na mahakama za duniani. Sidhani mwandishi hakuliona hilo. Nadhani wasomaji ndio hatukuliona, kwa sababu tulikwisha kuamua kwamba kesi ni kati ya malezi na uhuru.

Mpaka hapa nimeitetea riwaya dhidi ya wasomaji wake. Sasa niseme inapokosea yenyewe.

Kezilahabi anampeleka Rosa Morogoro, na Morogoro ya miaka ile haikuwa mji wa kupita tu. Ulikuwa mji mdogo wa vyuo na wa muziki. Mbaraka Mwinshehe, aliyezaliwa mwaka 1944, mwaka uleule aliozaliwa Kezilahabi, alikuwa kinara wa Morogoro Jazz, na mwaka 1970 bendi hiyo ilikwenda Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia ya Expo 70. Kabla yake Salum Abdallah na Cuban Marimba walikuwa wamekwisha kuufanya mji huo ujulikane kwa dansi. Chuo cha kilimo kilichokuwapo hapo ndicho kilichokuja kuzaa Chuo Kikuu cha Sokoine mwaka 1984. Mwaka 1969 chama cha ANC cha Afrika Kusini kilifanya mkutano wake mkubwa Morogoro, na miaka michache baada ya riwaya kutoka, wapigania uhuru hao walijenga shule yao Mazimbu, nje kidogo ya mji, wakaipa jina la Solomon Mahlangu.

Sitaji haya ili kumlaumu mwandishi kwa kutoandika historia ya mji. Nayataja kwa sababu yanaonyesha alichokuwa nacho mkononi. Katika mji kama huo, mwanachuo wa kike angeweza kwenda dansini na wenzake wanne, akacheza, akarudi bwenini, akaamkia darasani. Angeweza kubishana na rafiki kuhusu siasa za kusini mwa Afrika. Angeweza kumpenda mwanafunzi mwenzake asiye na cheo, wakaachana, wakaendelea kuishi. Hayo ndiyo maisha mbadala ambayo chuo huyaleta katika mji mdogo: vijana kutoka makabila na dini mbalimbali wanajifunza kuishi pamoja bila wazazi na bila amri ya kijiji, wanatunga desturi zao wenyewe. Morogoro ya riwaya ni nyembamba kuliko hiyo. Mji unabaki pembeni, na chuo kinakuwa hasa mahali pa siri na maanguko. Msomaji haonyeshwi msichana hata mmoja aliyekuwa huru na akabaki mzima, ambaye tungeweza kumlinganisha na Rosa. Bila mlinganisho huo, ni rahisi kuamini kwamba uhuru wenyewe ndio sumu.

Ninayajua maisha hayo mbadala kwa sababu yapo mbele ya macho yetu. Mtu akitaka kuyaona aende Nyakabiga, karibu na kampasi ya Mutanga, mahali ambapo wanafunzi wengi wa Chuo Kikuu cha Burundi hupanga vyumba. Wanaotoka mwambao wetu huishi wawili au wanne chumbani. Wana mbabula moja, sufuria mbili, na zamu za kupika zilizoandikwa kwenye karatasi ukutani. Ndagala waliokaushwa nyumbani hufika kwa Probox ndani ya mfuko, pamoja na chupa ya mawese ya Rumonge, na kabla ya wiki kwisha vimekuwa mali ya chumba kizima. Mvulana ambaye Magara hajawahi kuwasha moto, kwa kuwa ana dada watatu, Nyakabiga anapepeta maharage na kuulizwa kwa nini yameungua. Wasichana wana kikundi cha kuwekeana akiba, na akiugua mmoja wao ni kikundi hicho kinachojua kwanza, kabla ya shangazi na kabla ya mchumba. Jioni muziki hutoka kwenye simu iliyowekwa ndani ya bakuli ili sauti iongezeke. Lugha ni tatu au nne katika sentensi moja: Kirundi cha utani, Kifaransa cha vijitabu vya masomo, Kiswahili cha sokoni na cha mapenzi.

Haya si mambo makubwa. Hakuna atakayeyaandikia shairi la kishujaa. Lakini ndiyo yanayomlinda msichana kuliko fimbo ya Zakaria: awe na watu wa kuwaambia. Ukirudi kwenye riwaya ukiwa na jambo hilo akilini, utaona kwamba kilichomuua Rosa ni upweke. Anapopata mimba hana wa kumwambia. Anapoitwa na mkubwa hana wa kumsindikiza. Charles anapomwacha, hana chumba cha marafiki wanne ambacho angelia ndani yake hadi asubuhi. Uhuru ambao miongozo inaulaumu ulikuwa upweke uliovaa nguo za mjini.

Najua wapo watakaosema kwamba msiba hauandikwi kwa kusambaza faraja, na kwamba mwandishi alitaka kuwashtua wazazi wa Tanzania ya baada ya Azimio la Arusha, si kuwatuliza. Hoja hiyo ina uzito. Riwaya yenye marafiki wema na dansi la Jumamosi isingepigwa marufuku, na pengine isingesomwa leo. Wapo pia watakaosema kwamba Nyakabiga nayo ina akina Deogratias wake, na vyuo vyetu havikosi wakubwa wanaotumia alama kama chambo. Hilo nalo ni kweli, na ndiyo sababu nasisitiza tumsome Thomas kwa makini kuliko tunavyomsoma Rosa. Mhakiki hamwambii mwandishi aandike kitabu kingine. Kazi yake ni kuonyesha kitabu hiki kimewasha taa wapi na kimeacha giza wapi, ili msomaji asije akadhani kwamba gizani hamna kitu.

Kuna jambo dogo la kufanya kutokana na haya, nalo liko ndani ya uwezo wetu. Wengi katika darasa hili watakuwa walimu. Watasimama Magara, Minago, Rumonge au Nyanza-Lac mbele ya wasichana wa miaka 16, na swali la Rosa litaulizwa tena. Mwalimu akiwa na haraka ataandika ubaoni: "Dhamira: malezi, uhuru uliopita kiasi." Wasichana watanakili. Jioni watarudi nyumbani na sentensi hiyo daftarini, na baba akiwa anatafuta sababu ataikuta imeandikwa kwa mkono wa binti yake mwenyewe.

Mwalimu asiye na haraka atauliza maswali mengine. Nani alikuwa na ufunguo wa ofisi? Charles naye aliishije? Kwa nini mkuu wa chuo hakuitwa mahakamani? Rosa alikuwa na rafiki gani? Maswali hayo manne hayahitaji mwongozo wala kitabu cha nadharia. Yanahitaji riwaya yenyewe, isomwe kutoka ukurasa wa kwanza hadi ile hukumu ya mwisho. Na darasa likishayajibu, mzazi anayesema msichana ataharibika mjini atajibiwa na binti yake mwenyewe, akiwa na kitabu mkononi.