Mtoto Asiyepepesa Macho

Mwongozaji wa filamu Stanley Kubrick aliishi miaka mingi na kisa cha David, roboti lenye umbo la mtoto lililoundwa limpende mama. Alikitoa katika hadithi fupi ya Brian Aldiss ya mwaka 1969, akakiweka kando, akakirudia tena. Kimojawapo cha vilivyomkwamisha ni mwigizaji. Kubrick alipiga picha polepole mno, na mtoto wa kweli angerefuka kabla kazi haijaisha. Akafikia hata kuwaza kuunda roboti hasa. Alifariki mwaka 1999. Steven Spielberg akaichukua kazi, akampa nafasi hiyo Haley Joel Osment, mvulana wa miaka 12, na mwaka 2001 filamu ya A.I. Artificial Intelligence ikatoka.

Mimi huitazama kwa ajili ya mvulana huyo. Majiji yaliyozama na mataa ya mji wa anasa nawaachia wengine wayasifu.

Osment alijizuia kupepesa macho mbele ya kamera. Hebu jaribu, msomaji, huku unatabasamu na kuzungumza: macho yatakuwasha, shingo itakakamaa, na sauti itakusaliti. Yake haimsaliti. Mezani, David hana haja ya chakula ila anawaiga Monica na Henry, wazazi wake katika filamu, wanavyokula. Mara tambi inaning'inia mdomoni mwa Monica, naye David anapasuka kicheko kikubwa, cha ghafla, kisicho na furaha ndani yake. Wazazi wanacheka pia, kisha wanaingiwa na hofu. Kicheko kile kingeongezwa chumvi kidogo tu, kingekuwa kichekesho.

Kisha Monica anamsomea maneno saba yasiyohusiana, yanayowasha ndani yake upendo usiofutika. Wengi wangeigiza muujiza. Osment anafanya kidogo sana: tabasamu lililokuwa limegandishwa usoni linalegea, anamtazama yule mwanamke kana kwamba ndiyo kwanza amefika, anamwita mama. Macho bado hayapepesi, lakini sasa kutopepesa kule ni kumng'ang'ania mtu. Namna ile ile ya kutazama iliyotutisha dakika chache nyuma inatuumiza, wala hajabadilisha chochote tunachoweza kukinyooshea kidole.

Baadaye, msituni, Monica anapomtelekeza, David anaomba radhi kwa kutokuwa mtoto wa kweli, kama mtoto mwingine angeomba radhi kwa kuvunja kikombe. Anaahidi kujirekebisha. Osment haombi tumwonee huruma. Anajadiliana na mama, haraka haraka, akidhani bado kuna njia. Nusu ya kazi ya onyesho lile ni ya Frances O'Connor, anayemwigiza Monica, na sijui kwa nini hasifiwi vya kutosha. Yeye ndiye anayeyumba, anayelia, anayekwepa kumtazama, na bila yeye tusingejua uso ule mtulivu unadai kiasi gani.